Fulana za Rusaku

Mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, wengine kisimani, wengine baada ya ibada, na kila mara nikifika katikati watu wanatawanyika, halafu kesho yake nasikia habari yangu imeota mkia. Basi nimeamua kuiandika yote. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa akayatafute kwingine.

Nilikwenda Kasulu kutibiwa baridi yabisi. Nimerudi. Walionifanyia nitawataja kwa majina, tena mapema, ili asiyetaka kusoma hadi mwisho naye awajue. Wa kwanza ni shemeji yangu Elisha, aliyenipeleka kwa maneno yake. Wa pili ni Gervas Rusaku wa Kasulu, anayejiita daktari. Wa tatu ni Papa Deo, Mkongo wa kambini, aliyejua ukweli akaula na kuumeza. Mtu akiniambia nisamehe, nitamsikiliza akishamaliza kulala kwa Rusaku kama nilivyolala mimi.

Kumsenga hadi Kibondo

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Ulianza kwenye vidole, ukaja kwenye vifundo vya mikono, ukashuka magotini. Asubuhi nilikuwa siwezi kufungua mfuniko wa ndoo. Na mimi, tangu mume wangu afariki, jembe ndilo mume. Mkono usiposhika jembe hakuna mahindi, hakuna mihogo, hakuna mimi Anastazia. Mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia na shamba limelala na nyasi zake. Nilichotaka ni mikono tu. Sikutaka kuwa msichana tena.

Zahanati walinipa vidonge vya maumivu wakaniambia niende hospitali kubwa nikapimwe. Ndipo Elisha akaja. Alikuwa amesikia redioni kwamba Kasulu kuna daktari anayetibu kwa kitabu cha mganga mkuu wa Ulaya, wa enzi za wafalme wao, watu walipokuwa wanakwenda kwa farasi na hakuna kidonge hata kimoja duniani. Nikamwuliza huyo mganga mwenyewe yuko wapi. Akasema amekufa zamani, kabla babu wa babu yetu hajazaliwa.

"Sasa maiti atanitibu vipi?"

"Shemeji, fikiri. Kitabu kimeishi miaka yote hiyo. Kingekuwa cha uongo si kingeshaoza?"

Mnamjua Elisha. Akishalishika neno hata mvua ya mawe haimtoi. Alikuja asubuhi, akaja jioni, akaleta na mchungaji. Mwishowe nikapakiwa kwenye bodaboda na blanketi langu na sweta zito aliloniachia marehemu, nikaenda Kibondo nikiwa nimeuma meno kwa kila shimo.

Pale stendi ya Kibondo nilipata aibu ya kwanza. Mnajua sisi wanawake wa Kiha hatusalimiani kwa mdomo peke yake. Unainama, unapiga makofi taratibu, na mwenzako anapiga ya kwake, mpaka habari za nyumbani ziishe. Akaja bibi mmoja na kikapu cha ndizi, akainama, akapiga makofi yake mazuri. Mimi viganja vyangu vilikuwa vimevimba kama maandazi. Nikasema, "Mwakeye, bibi," mikono imelala mapajani. Aliendelea kupiga kidogo akinisubiri, akaacha. Halafu akamgeukia mwenzake akamwambia kwa Kiha, bila kushusha sauti, kwamba huyu lazima kalelewa na ng'ombe.

Ningeweza kumweleza. Nilikuwa nimechoka kueleza. Nikapanda basi.

Kibondo hadi Nyakitonto

Basi liliharibika kabla ya kufika mbali. Dereva akashuka, utingo akashuka, abiria wanaume wakashuka kuangalia injini kama watu wanaoangalia maiti ya mtu wasiyemjua. Fundi akaitwa kutoka Kibondo. Fundi akaja bila kifaa. Kifaa kikaitwa.

Tukakaa kando ya barabara kwa mama mmoja aliyekuwa anauza ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Chakula kilikuwa kizuri, hilo niseme, ndicho kitu kizuri cha safari nzima. Nilikula kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa haufumbi, na mama yule akaniangalia vibaya lakini akaniongezea maharage.

Hapo ndipo nilipokaa na Mzee Salumu. Ni mfanyabiashara, ana duka la nguo Kasulu mjini, mtu wa kofia na kanzu, ndugu zake wako Bagamoyo na Kiswahili chake ni cha huko, kinateleza. Akaniuliza ninakwenda wapi na mikono hiyo. Nikamwambia kwa Daktari Rusaku. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Rusaku ni daktari? Bibi we, mimi nilidhani ana timu ya mpira. Fulana zangu nyeupe zote kamaliza yeye. Kila mzigo ukija anakuja kuzibeba. Nikamwuliza, mnacheza ligi gani? Akaniambia ligi ya afya."

Nikacheka na mimi. Sikujua bado kitu gani kinachekwa. Mzee Salumu akasema kwao baridi yabisi hutibiwa kwa joto, mtu anafunikwa, anakandwa, anapakwa mafuta ya moto ya ufuta, wala hawakumbuki mganga gani aliyefundisha. Nikaona huyu ni mwuza duka tu, anajua nini kuhusu vitabu vya Ulaya. Ndiyo, niliwaza hivyo. Elisha alikuwa ameshanijaza.

Basi likapona. Nyakitonto akapanda mzee mmoja mrefu mwenye fimbo, akatazama viti vyote, akaja kukaa karibu nami, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba amenitafuta dunia nzima na hatimaye kaniona, na kwamba mahari ataleta tukifika. Jina lake Yohana. Umri wa baba yangu. Basi zima likaangua kicheko. Nikamwambia mchumba mwenye fimbo simtaki, anaweza kunipiga. Akasema fimbo si ya kupiga, ni mke mkubwa, inamshikilia asianguke.

Naye magoti. Naye kwa Rusaku. Naye aliwekewa maneno na watoto wake waliosikia redio. Alikuwa na koti la sufu la zamani la kijani, limechakaa viwiko, akaniambia hilo koti ndilo limemfikisha umri ule.

Kasulu, kwa Rusaku

Kasulu kuna baridi, hasa milimani, na mvua ilikuwa imeshaanza kule. Nyumba ya Rusaku iko nje ya mji, kwenye mteremko, imezungushiwa ua wa minyaa. Wagonjwa tulilala kwenye banda refu lenye sakafu ya saruji na madirisha yasiyo na vioo. Rusaku mwenyewe ni mtu mnene, msafi, ana koti jeupe na kalamu mfukoni. Sikuwahi kumwona akiandika.

Kitabu kilikuwepo. Nisiseme uongo. Kilikuwa kimepoteza jalada, kimeliwa na mende pembeni, na kilikuwa cha Kifaransa. Rusaku hajui Kifaransa hata cha kuombea maji. Kwa hiyo alikuwa anamleta Papa Deo, mzee wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu aliyekuwa mwalimu kwao, mwenye sauti nzuri kama ya padri. Papa Deo anasoma kipande kwa Kifaransa, anamnong'oneza Rusaku maana yake, Rusaku anasimama na kututangazia.

Aliyotangaza ni haya. Tutafune vitunguu saumu asubuhi. Tunywe haradali iliyosagwa kwenye maji. Tuoge maji baridi kabla jua halijatoka. Tubandikwe dawa ya kutoa malengelenge mahali panapouma, ili ubaya wote utokee hapo. Na kubwa kuliko yote, mganga wa Ulaya aliamuru mgonjwa wa baridi yabisi avae fulana juu ya ngozi, mchana na usiku, asiivue.

Akatugawia fulana nyeupe. Akakusanya masweta, mablanketi na makoti, akasema yanazuia fulana kufanya kazi.

Nikamwambia, "Daktari, huku kuna baridi. Fulana hii naona mkono wangu upande wa pili."

"Mama, mimi sijaandika kitabu. Kitabu kimesema fulana juu ya ngozi. Kimesema sweta?"

Mzee Yohana alikataa kutoa koti lake. Wakavutana. Watu wawili wa Rusaku wakalivua kama wanavyomchuna mbuzi. Mzee akabaki na fulana inamfika kitovuni, akanigeukia akasema, "Mchumba, sasa umeniona nilivyo, ndoa bado ipo?" Tukacheka. Hata Rusaku akacheka. Kicheko kile bado kinaniuma.

Ile dawa ya malengelenge, kitabu kilitaka wadudu fulani wa Ulaya. Wadudu hawapo, basi Rusaku akatumia alichonacho, utomvu wa minyaa ya uani kwake. Mtoto wa Kiha akiwa bado hajajua kuongea ameshaambiwa asiguse utomvu wa mnyaa, utamtoa macho. Mimi mtu mzima, mama wa watu, nilinyoosha goti langu wakanipaka. Na vifundo vya mikono pia. Kwa sababu maiti wa Ulaya kasema.

Yalitoka malengelenge kweli. Rusaku akafurahi, akawaita wengine waje waone dawa inavyofanya kazi. Yakapasuka. Juu yake wakapaka tena.

Mzee Yohana

Kikohozi kilianza kwa wengi, lakini cha Mzee Yohana kilikuwa kinatoka chini kabisa. Alitetemeka mpaka fimbo yake ikawa inagonga sakafu. Nikamwendea Rusaku nikamwomba koti la mzee. Akasema homa ni ugonjwa unatoka, nikimfunika ninaurudisha ndani.

Mzee alikufa asubuhi moja kukiwa kumeshapambazuka, wengine wakiwa wamepelekwa kuoga yale maji. Mimi sikwenda kwa sababu goti lilikuwa halikunjiki tena na lilikuwa limeanza kunuka. Alikuwa amejikunja ukutani na ile fulana. Nilimwita mara kadhaa. Nilimtania, nikamwambia mahari nimepokea, amka. Nikamgusa.

Watoto wake walikuja kumchukua. Rusaku akawaambia walichelewa kumleta. Wakamshukuru. Jamani, wakamshukuru, wakamshika mkono.

Siku hiyohiyo Papa Deo alifika kusoma kama kawaida. Alipita mlangoni akaona mahali pa mzee pako wazi, akasimama. Nikamwita. Nilikuwa nimekaa chini, goti limevimba kama mtungi.

Nikamwuliza kitu kimoja tu, kile kilichokuwa kinanisumbua tangu koti livuliwe. Huko Ulaya ambako kuna barafu, mganga gani anamwambia mgonjwa wa baridi avae kitambaa chembamba namna hii?

Papa Deo akaangalia nje kwanza.

"Mama, kitabu hakikusema hii," akasema akinishika fulana begani. "Kitabu iko inasema flaneli. Ni kitambaa ya manyoya ya kondoo. Ile nzito, ya moto. Mgonjwa avae ile juu ya ngozi, apate joto mwili muzima. Mi nilisoma flaneli. Yeye akasikia fulana."

Yaani mganga yule marehemu alisema tufunikwe. Alitaka tupate joto. Na kwa neno lake la joto tukavuliwa nguo.

"Na wewe ulikuwa unatuona," nikamwambia. "Kila ukija unatukuta tunatetemeka."

"Nilimwambia mara moja. Akasema kazi yangu ni kusoma, kazi yake ni kutibu."

"Mara moja."

"Mama, mi ni mukimbizi. Hapa napata sahani ya chakula na mutu ananiita mwalimu."

"Mzee Yohana naye alikuwa anakuita mwalimu."

Akaanza kulia. Nikamwambia alilie huko, mbali na mimi. Wapo walioniambia baadaye kwamba Papa Deo ni mtu wa kuhurumiwa, amekimbia vita, hana kitu. Wakongo wengi wamekimbia vita, wanauza sabuni na vitenge, wanasema ukweli. Yeye alijua tofauti ya flaneli na fulana, akaiacha ikae kinywani mpaka mtu kafa.

Nilijivuta kwa makalio hadi uani. Rusaku alikuwa anapokea wagonjwa wapya, wengine wameshashika fulana zao. Nikasema mbele ya wote alichosema Papa Deo. Nikamwita Papa Deo aseme mwenyewe. Akasema, kichwa chini, lakini akasema.

Nilidhani Rusaku ataona haya. Aliweka kalamu mfukoni, akatutazama kama mwalimu anavyotazama darasa la wajinga.

"Hapa tuko Tanzania. Tunaongea Kiswahili. Kwa Kiswahili fulana ni nini?"

Watu wakajibu, wakanionesha walizoshika.

"Sasa Mkongo atufundishe Kiswahili?"

Wakacheka. Mwanamke mmoja kutoka Mabamba, mwenye miguu imevimba, akaniambia niache fujo, wenzangu wanatafuta uzima. Akaivaa palepale.

Hospitali

Aliyenitoa ni Mzee Salumu. Alikuja na gari lake dogo la mizigo kuleta fulana nyingine, akanikuta nimekaa nje ya ua. Alinitambua kwa mikono. Nilipomweleza zinafanya kazi gani, alizirudisha zote garini bila kusema na mtu. Halafu akanipakia mimi juu yake. Nimesafiri hadi hospitali nikiwa nimelalia fulana, mtu acheke akitaka.

Njiani aliendelea kujitukana. Nikamwambia yeye aliuza nguo, hakuua. Akasema, "Nilicheka, bibi. Niliona mtu mmoja ananunua fulana za jeshi zima, nikacheka." Huyo ndiye mtu pekee katika habari hii aliyejilaumu, na ndiye asiyekuwa na kosa.

Hospitalini walikata nyama iliyooza gotini. Walisema ningekaa kidogo zaidi, mguu ungeondoka wote, na pengine mwenyewe. Muuguzi aliyenisafisha, mama wa makamo kama mimi, aliuliza nani kanipaka mnyaa. Nilipomwambia kitabu cha daktari wa Ulaya wa karne zilizopita, aliendelea kusafisha. Halafu akasema daktari yule huenda alikuwa mtu mwema, alitumia alichojua, lakini waliokuja baada yake wamejua zaidi, na hata huko kwao hakuna anayetibiwa tena kwa kutolewa malengelenge. Nami namlaumu marehemu kwa hilo la malengelenge, hata kaburini. La joto alikuwa sahihi.

Walinipima damu. Ugonjwa wangu una jina refu na dawa ya kumeza kila wiki. Daktari alinieleza taratibu kwamba hautaondoka, ila utafungwa kamba. Vidole vilivyokwisha kupinda havinyooki. Vilivyobaki vitabaki, nikimeza dawa na nikirudi kupimwa.

Nilimwuliza kuhusu jembe. Akasema kidogo kidogo, asubuhi jua likishapanda, na nipumzike.

Kurudi Kumsenga

Safari ya kurudi haina habari. Basi lilikwenda. Nilipita Nyakitonto nikageuza uso upande wa pili.

Nimekaa nyumbani nikimeza dawa. Uvimbe ulishuka, kwanza mikononi, na wiki chache baadaye nikatoka na jembe. Nililima kipande kile cha karibu na njia, mstari kwa mstari, nikikaa katikati. Mlipita mkaniona. Mlifurahi, nami niliwaona mkifurahi, na sikujua furaha ile itaniletea nini.

Leo kaja Leokadia, jirani yangu wa chini, mnajua miguu yake ilivyo. Kaja amefunga mzigo. Elisha amemwambia aende kwa Rusaku, na Elisha amemwambia maneno haya: shemeji yangu alikwenda hawezi hata kufungua ndoo, amerudi, analima. Na si kwa Leokadia tu. Amesema hivyo kanisani, amesema gulioni, na redio imesema mama mmoja wa Kibondo amepona kabisa.

Nikamwambia Leokadia yote, kama nilivyoyaandika hapa. Nikafunua kanga nikamwonesha goti lenye shimo. Aliliangalia, akalishika kwa kidole, akasikitika sana. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa:

"Lakini dada, si ulikwenda kwake? Na si umerudi unatembea?"

Mzee Yohana hatembei, kwa hiyo hakuna anayemwuliza. Mimi natembea, basi mimi ndiye shahidi wa Rusaku. Kila nikiinua jembe namtangazia.

Nimeficha mzigo wa Leokadia ndani kwangu na mlango nimeufunga. Amekaa nje kwenye jiwe, amenikasirikia, anasema basi la kesho litamwacha. Acha limwache. Na Elisha nimemwita aje hapa asubuhi, mbele yenu, alishike hili goti kwa mkono wake mwenyewe na aseme nani alinitibu. Njooni wote. Asipokuja, nitamfuata kanisani, nami sitasubiri sala iishe.